Kofi la Kumfundisha Chiriku

4 Februari

Mdogo wangu Nyundo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Chiriku. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia kila mara ukisema una wateja, na mteja wa bucha hajui kusubiri.

Mimi naendelea. Nimerudi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Msimamizi alisema nipumzike zaidi, nikamwambia nyumbani ndiko kunakonichosha. Mashine kubwa imeharibika tena, tunafua mashuka kwa mikono, na wenzangu wananipa yale yasiyo na damu. Hawasemi kwa nini. Wanayachambua tu kabla sijafika.

Asante kwa kuja kumzika binti yangu na kukaa nami wiki ile. Hukulia. Ulipasua kuni mpaka jirani akauliza kama tunataka kuchoma matofali. Nilikuelewa, maana ndivyo ulivyo tangu ulipokuwa ukigonga watu kwa kichwa tukakupa jina hilo. Nguo zake nimezipanga, isipokuwa soksi. Ziko ndani ya viatu vyake bado, zimekunjwa alivyopenda yeye, moja ndani ya nyingine kama yai. Sijazitoa.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Siku mnaondoka, kitambaa cha Chiriku kilikuwa kimelegea kichwani. Nikainua mkono nimfunge. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akajikinga uso kwa viwiko vyote viwili, macho ameyafumba. Alipoona ni mimi akacheka, akasema, "Samahani mama mkubwa, mazoea."

Mazoea ya nini, mdogo wangu? Nani anampiga?

Dada yako.


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Jokofu la bucha linanguruma kama mzee mwenye pumu lakini bado linagandisha. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama na balbu zangu zote, tena aliniaga kwa adabu.

Umeuliza nani anampiga Chiriku. Mimi. Wala sijifichi.

Unakumbuka mwaka juzi mwanao alikuja kwangu akakaa siku chache? Wewe alikwambia amekuja kutembea. Alikuja na jicho limefunga kabisa, limekuwa jeusi kama ini la jana. Nikamuuliza, ulikuwa wapi mpaka ngumi ikufikie usoni namna hii? Akasema, "Mama mdogo, sikuiona ikija." Nilikaa na maneno hayo. Nikasema wangu ataiona.

Basi tangu siku ile namfundisha. Kofi linakuja bila taarifa. Anafagia, linakuja. Anaosha vyombo, linakuja. Anafungua mlango akitoka shule, namsubiri nyuma ya mlango. Akilizuia tunaendelea na kazi, hakuna maneno. Asipolizuia analipata, na la pili juu yake. Mwanzo alikuwa analia. Sasa hivi nampata kwa nadra. Juzi nilimjia kutoka nyuma ya pazia na ubapa wa kisu, akaudaka mkono wangu hewani huku mkono wake mwingine unapima maini. Mteja alipiga makofi.

Redioni wanasema mtoto wa kike ajengwe ajiamini, ajithamini, mama amsifu. Kujithamini ni nini, kama si kujua kwamba atakayekunyoshea mkono utamvunja?

Usinikasirikie kwa hili la mwisho, lakini nitalisema. Wewe wako ulimlea kwa upole. Ulimsuka nywele ukimwimbia. Ulimwambia ana akili, ana sura, anaweza. Yuko wapi?

Nyundo.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mvua imeingia kwenye chumba cha kukaushia, mashuka yananuka, na manesi wanatulaumu sisi kama vile tunalala nayo. Nimechelewa kukujibu. Niliisoma barua yako nikaiweka chini ya godoro, na kila nilipotaka kuitoa nilikuta nina kazi nyingine.

Umeuliza yuko wapi. Yuko pale ulipomwacha, na koleo ulishika mwenyewe.

Lakini hukumsikia mwenye saluni alikokuwa akifanya kazi akisimulia, kwa sababu ulitoka kwenda kupasua kuni. Nitakuandikia mara moja, kisha sitalirudia tena.

Alikuwa amekwisha kumwacha yule mtu, yule mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Alirudi kwangu na begi moja, akakaa kula, akasema mdomo umejaa, "Mama, mimi si wa kupigwa." Hakuwa analia. Aliomba nimwongezee mboga. Miezi ile michache tulilala chumba kimoja, na asubuhi alikuwa akinigongea ukutani kwa kidole cha mguu niamke.

Yule mtu alimfuata saluni. Mwanangu alikuwa anamwosha mteja nywele. Akaambiwa, "Chukua vitu vyako twende." Akajibu, "Siendi. Na sogea, namsuuza mtu." Mwanaume akachukua chuma cha kufungia mlango. Pigo la kwanza lilimkuta begani, la pili likavunja beseni, la tatu kichwani. Mteja aliyekuwa na povu machoni alimshika yule mtu mguu, akapigwa teke akavunjika pua. Aliendelea kumpiga mwanangu akiwa chini, mpaka chuma kikapinda. Maji yalitoka na povu jekundu mpaka barabarani, na watu walisimama upande wa pili wakiangalia povu.

Aliiona ikija, Nyundo. Alikuwa anamtazama usoni. Hakufa kwa sababu nilimsuka nywele nikiimba. Aliuawa na mwanaume aliyeambiwa hapana. Upole wangu haukumkinga, nakubali. Lakini ndio uliomfanya aondoke, na akae nyumbani kwangu bila kuona aibu. Hilo usiniondolee, maana sina jingine.

Sasa mfikirie wako. Mtoto anayepigwa na mtu anayempenda hajifunzi kujithamini. Anajifunza kwamba mapenzi huja na kofi, na kwamba kazi yake yeye ni kukaa macho. Atakapokutana na mwanaume wa namna ile hatamshangaa. Ataona amefika nyumbani.

Jaribu hivi. Mwite, ungoje aitike, ndipo umguse. Mwache akukatalie vitu vidogo, chumvi, rangi ya gauni, saa ya kuoga, na usimlipizie. Wangu alikuwa akibishana nami mpaka nachoka nacheka. Anayeruhusiwa kumkatalia mama yake bila kupoteza mama, huyo atamkatalia yeyote.

Nisalimie Chiriku. Mwambie kile kitambaa alikisahau huku, nimekifua.

Dada yako.


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimesoma. Habari ya mteja mwenye povu sikuijua. Pole.

Lakini siwezi kuacha katikati. Wiki iliyopita mbeba mizigo mmoja wa hapa sokoni, jitu zima, alimshika Chiriku kiuno akipita na ndoo. Sikuwahi hata kugeuka. Chiriku alimpiga kiwiko cha koo, jamaa akainama, akamshukia na jiwe la mizani. Meno mawili niliyafagia mwenyewe. Nilipomwambia basi hakusikia. Nikamvuta kwa nyuma, akanipiga na mimi, na macho yake, Dada, yalikuwa kama hayana mtu ndani.

Sasa soko zima linamwita Bondia. Wauza samaki wanamsalimia kwa kukunja ngumi. Mimi nilicheka nao.

Haongei sana siku hizi. Wewe unakumbuka kwa nini tulimwita Chiriku, mtoto alikuwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Sasa ukimuuliza anajibu kwa kichwa. Ukiingia chumbani anahamia kona ya pili. Shule wameandika kwamba anashtuka mtu akifunga dirisha. Nimewajibu kwamba ni vizuri, yuko macho.

Nyundo.


25 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Simu yako imezimwa.

Nakuomba jambo moja na usiniulize sababu. Ukiipata barua hii nijibu siku hiyo hiyo, kwa mwandiko wako mwenyewe, si wa mtu mwingine. Hata mstari mmoja unatosha. Andika tu kwamba u mzima.

Dada yako.


10 Juni

Dada,

Shikamoo. Mwandiko usikutishe. Niliteleza na kisu nikikata paja, mkono wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto. Simu ilidondoka kwenye ndoo ya maji. Barua yako niliikuta imenisubiri.

Mimi mzima. Bucha nimelifunga kwa muda, nakaa nyumbani kama bibi harusi, nahudumiwa.

Chiriku hajambo. Yuko hapa uani anafua. Anakusalimia sana.

Nyundo.


18 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za Chiriku nimezipokea. Alikuwa mezani kwangu anamenya vitunguu barua yako ilipoletwa.

Tusidanganyane tena. Yuko kwangu tangu mwezi uliopita. Nilitoka kazini nikamkuta ameketi mlangoni, amevaa koti kwenye jua kali. Nikamwambia, "Mwanangu, vua, utaiva." Akafungua vifungo. Chini ya koti alikuwa na aproni ya bucha, damu imekauka, imekakamaa kama kadibodi. Nimefua damu ya hospitali nzima, lakini ile sikuweza. Niliichoma.

Akaniambia, "Mama mkubwa, nimemuua mama."

Alinisimulia kidogo kidogo, mengi akiwa amenipa mgongo. Alikuwa anatenganisha mbavu. Wewe ukatoka nyuma ya jokofu, mkono juu. Anasema hakukuona wewe, aliona mkono, na mwili wake ukageuka kabla yake na kisu kikageuka nao. Kiliingia chini ya kiwiko, kikashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, anasema alisikia kinavyogusa mfupa, kwa sababu ni kazi yake, anaujua mlio huo. Damu ilipiga vigae, ikapiga mizani, ikampiga mdomoni. Ulianguka ukaegemea gogo la kukatia. Ukamtazama. Ukamwambia, "Safi."

Kisha macho yako yakageuka meupe. Aliwaita watu wa duka la jirani, akawaona wanakubeba umelegea kama nguo, akakimbia.

Hakutaka nipige simu, na nilipojaribu kwa siri nikakuta imezimwa. Alinishika nguo akasema, "Kama amekufa, leo sitaki kujua." Ndiyo maana nilikuomba mwandiko wako. Ulipofika nilimpa yeye kwanza. Akapitisha kidole juu ya zile herufi zilizolala upande, akasema, "Anaandika vibaya kama mimi." Akacheka, halafu akatapika kwenye bakuli la vitunguu.

Unajua kinachomsumbua kuliko damu? Lile neno. Nilipomfunika shuka aliniuliza, "Mama mkubwa, umewahi kumsikia mama akinisifu?" Nilitafuta, mdogo wangu. Nilitafuta kweli. Akasema, "Mimi pia nimetafuta. Ni siku ile tu."

Basi nisikilize. Sitamrudisha kwa nguvu, wala sitamzuia kwa nguvu. Atasema mwenyewe. Wewe mwandikie. Usiandike habari ya kisu, wala usimsamehe, hajaomba. Mwambie kitu unachokipenda kwake kisichohusu kumpiga mtu.

Ameanza kuongea tena kidogo. Jana alimwambia jirani yangu kwamba jogoo wake anaimba kwa pua.

Dada yako.


2 Julai

Dada,

Mtoto ni wangu. Nilimzaa, baba yake alipotoroka nikamlisha kwa mikono hii miwili, sasa umebaki mmoja.

Hayo ya kuandika siyawezi. Nani alituandikia sisi? Mama yetu akikuona umependeza alikuwa anakuuliza unakwenda kumwibia nani. Tumekua.

Jumamosi nakuja kumchukua. Mwambie afungashe.

Nyundo.


14 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Ulikuwepo na uliona, lakini nataka kuandika nilivyoona mimi, maana kwako sikuweza kufungua mdomo, na wewe ukajaza nafasi kwa habari za sabuni mpaka nikakuonea huruma.

Alifungua mlango yeye. Amenenepa. Nilipomwona nilifurahi, naapa ilikuwa ni furaha, na mkono wangu ukapanda. Huu huu mbovu, na bendeji yake. Sidhani ulikuwa wa kumpiga. Au ulikuwa, sijui, mwili wangu haujui njia nyingine ya kumsalimia.

Hakujikinga. Hakurudi nyuma. Mikono yake iliteremka tu kando, akautazama mkono wangu kule juu, akautazama mpaka ukachoka wenyewe na kushuka. Ndipo akasema, "Shikamoo mama. Mimi sirudi. Ukitaka kukaa, kaa, chakula kipo. Ukitaka kunipiga, ondoka."

Nikamwambia, "Unanifukuza mimi?"

"Sikufukuzi. Nimekupa mawili. Chagua."

Nilikaa. Nilikula. Chumvi ilikuwa imezidi na sikusema. Mlinisindikiza mpaka kona, na yeye alitembea upande wako.

Ndani ya basi hasira ilinipanda kichwani. Niligonga kioo kwa ngumi ya kushoto mpaka kikafanya ufa, abiria mmoja akahama kiti na kondakta akatishia kunishusha. Nilikuwa nasema moyoni, mshenzi huyu, ananipa mimi mawili nichague. Basi lilikuwa limekwenda mbali ndipo nikaona ninachokikasirikia. Miaka yote ile nilitaka mtu akimnyoshea mkono asitetemeke. Siku alipofanya hivyo mbele yangu, nikataka kumvunja.

Dada, mimi nilikuwa namwandaa kwa ajili ya mtu mbaya atakayekuja. Na kila jioni aliyekuja nilikuwa mimi.

Nimefungua bucha. Vidole viwili havikunji tena, daktari anasema havitakunja. Nimemchukua mwanamke wa kunisaidia kukata. Jana alikuwa ameinama na mimi nikapita nyuma yake, nikajikuta nimesimama, nimemwita, nimengoja aitike. Akageuka akaniuliza, "Mama, unaogopa nini?" Wauza samaki wanamuulizia Bondia. Nimewaambia hakuna mtu wa jina hilo hapa.

Ulisema niandike. Nimechana karatasi nyingi. Hiki ndicho nilichokipata, msomee akikubali, asipokubali kiache.

Kwamba akigawa mkate, kipande kizuri hakibaki kwake. Nilikuwa nakiona na kunyamaza.

Kwamba alipokuwa mdogo aliongea na kila mtu aliyeingia bucha, na wakiisha aliongea na mzoga unaoning'inia, anauuliza kama unasikia baridi. Nilimpiga kwa hilo nikasema ni ujinga. Haukuwa ujinga. Nilikuwa napenda kusikia, na siku hizi jokofu likizima ule mngurumo wake, kimya kinanitisha.

Kwamba ana mwandiko mbaya na akili nzuri, na vyote viwili kavitoa kwangu, angalau huo mwandiko.

Na kwamba siku ile, kabla hajawaita majirani, aliikata kamba ya kufungia mizigo akanifunga mkono juu ya kiwiko. Labda hakumbuki, kwako hakulisema. Daktari aliniambia bila fundo lile nisingefika hospitali. Nilisema neno langu mapema mno na nikalisemea kisu. Nilitaka kulisemea fundo, lakini sikuwa nimeliona bado.

Sitakuja tena mpaka aniite mwenyewe. Asiponiita, hilo pia ni lake, nimeanza kujizoeza. Wewe mlee, msuke, mwimbie, kama unayo sauti bado.

Mkiwa mmekaa wawili jioni, mmemaliza kula, naomba mnikumbuke.